Bonasi ya chai imeishia kwenye darubini za vita

Shangazi, mume wangu ni mkulima wa chai hapa Kimulot. Tangu auziwe darubini moja kuukuu ya jeshi, hana habari na kingine. Sasa ana tisa na dira moja, zote kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Bonasi ya Oktoba ilipoingia, alinunua mbili kabla ya kulipa karo. Eti moja ilitoka Bama (Burma) na mzee wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, nyingine ni ya Wajerumani wa Tanganyika wa vita vya kwanza, na zitatutajirisha. Nimepata mtu wa kuzichukua zote. Niuze?
Mama Watoto, Kimulot

Mwanangu, usiuze. Ukiuza kwa siri, kosa lake la karo litasahauliwa na lako ndilo litakalojadiliwa mbele ya wazee. Isitoshe, anayetaka zote kwa mkupuo bila kuzikagua hana nia ya kukupa bei nzuri.

Mwombe mumeo afungue sanduku, akusomee kila moja imeandikwa nini. Darubini ya jeshi la Uingereza huwa na alama ya mshale mpana, kuonyesha ni mali ya serikali, na mara nyingi jina la kiwanda na mwaka. Ile iliyoandikwa Bino. Prism No. 2, inayokuza mara 6, ilitengenezwa kwa wingi mno, haitawajengea nyumba.

Ni kweli vijana wa Kipsigis walienda Bama, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Lakini darubini walipewa maafisa na wakuu wa vikosi, nazo zilikuwa za kurudishwa stoo. Chache huenda ziliponyoka. Hata hivyo, bila jina la mzee, cheti chake cha jeshi au picha, hayo ni maneno ya muuzaji tu.

Hiyo ya Wajerumani, tafuta herufi blc. Ukiziona, ilitoka kiwanda cha Carl Zeiss cha Jena, lakini alama hiyo ni ya vita vya pili. Jeshi la Wajerumani wa Tanganyika, chini ya Lettow-Vorbeck, lilisalimu amri Novemba 1918, kwa hiyo mumeo atakuwa ameuziwa vita visivyo vyake.

Sanduku lenyewe nalo ni hasara. Kwa mvua na baridi ya huko, kuvu huota ndani ya lenzi na kula kioo. Ziwekwe kwenye kabati kavu lenye hewa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Asizifungue kwa bisibisi, maana kioo cha ndani kikisogea kidogo utaona vitu viwiviwili. Dira, ikiwa ina rangi ya kung'aa gizani, huenda ina redi, madini yenye mnururisho: isifunguliwe, na watoto wasiichezee.

Kisha pesa. Karo, mbolea na chakula vitoke kwanza, ndipo mpatane fungu lake. Kila darubini iandikwe daftarini kwa bei yake, na mpya isiingie kabla ya nyingine kutoka. Aanze na zile mbili za Oktoba: aziuze mwenyewe, aeleze ukweli wake, pesa ziende shuleni. Akikataa hata kufungua sanduku, mwite mzee anayemheshimu. Huyo mnunuzi wako mwambie arudi alikotoka.