Mfuko wa Mtoto wa Mgeni: Somo la Uraia katika Shule ya Msingi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Somo la Ijumaa hii linahusu jambo ambalo wengi hudhani si la msikitini. Ni lile somo ambalo watoto wetu hulisoma katika shule ya msingi kwa jina la elimu ya uraia na maadili. Mwalimu huandika ubaoni haki na wajibu wa raia, rangi za bendera, na maneno matatu ya taifa letu: Haki, Amani, Kazi. Mtoto ananakili, anakariri, anapewa alama, na daftari linafungwa. Mzazi mmoja alinishika mkono nje ya msikiti akaniuliza: "Shehe, somo hili si dini ya Serikali, inayotaka kukaa mahali pa dini yetu?" Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Leo namjibu kwa urefu, maana swali lake lina mizizi ya zamani.

Wazee wetu waliikataa shule kwa sababu. Wakati wa Wabeljiji shule zilikuwa karibu zote mikononi mwa misioni, na msaada wa Serikali ulikwenda huko. Mzazi Mwislamu wa Kasongo, wa Kindu au wa Kisangani aliogopa kumpeleka mtoto asubuhi akiwa Hamisi na kumpokea jioni akiwa na jina jingine. Wengi walichagua chuo cha Qur'ani peke yake. Imani ilihifadhiwa, alhamdulillahi, lakini vijana wetu walibaki bila diploma, na ofisi zilijaa watu wengine. Leo zipo shule za mkataba za Kiislamu, zinafuata programu ya Serikali kama shule za Wakatoliki na za Waprotestanti, na ndani yake wamo watoto Wakristo na walimu Wakristo. Watoto wetu nao wamo katika shule zao. Lakini ule woga wa wazee bado tunao.

Basi tuangalie kilicho ndani ya somo lenyewe. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 12, inasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani katika elimu kwa sababu ya dini yake, kabila lake au mahali anapokaa. Kifungu cha 17 kinataka mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ithibitishe kosa lake. Kifungu cha 66 kinamwamuru kila Mkongomani amheshimu mwenzake bila ubaguzi. Ni neno gani hapo linalovunja dini yako? Mtoto wetu wa kike anapoambiwa avue mtandio kwenye mlango wa shule ya watu wengine, sisi ndio wa kwanza kukimbilia vifungu hivyo. Hatuwezi kuvishika siku tunayoonewa sisi na kuviachilia siku tunapoonea wengine.

Na siku hiyo ilifika. Nitaieleza, kwa idhini ya wanaohusika, na nimeacha baadhi ya mambo ili mtu asitambulike.

Katika shule moja ninayofundisha dini asubuhi mbili kwa juma, mwalimu wa kalasi ya tano alifundisha usawa wa raia. Ni kijana mwenye bidii, na mbele yake wamo watoto zaidi ya sabini. Tangu masomo ya msingi katika shule za Serikali yafanywe ya bure mwaka 2019, madawati hayatoshi; si kosa lake. Wakati wa mapumziko, binti mmoja aligundua kwamba franka elfu tatu alizopewa na mama yake za kununua chumvi na mafuta ya mawese hazimo katika mfuko wake. Alilia. Kabla mwalimu hajafungua kinywa, kalasi ilikwisha toa hukumu: "Ni yule mukimbizi!"

Mtoto huyo familia yake ilikimbia vita upande wa Kivu. Ni Mprotestanti, na hana ndugu katika shule nzima. Mwalimu akamwita mbele, yeye peke yake kati ya wale sabini, akamwambia amwage vyote vilivyomo katika mfuko wake juu ya meza. Vikatoka daftari moja, kalamu isiyo na kifuniko, kipande cha muhogo, na bulteni ya shule ya kule alikotoka, imekunjwa mara nne. Pesa hazikuwamo. Akaambiwa arudi akae. Nyuma ya mgongo wa mwalimu maneno ya asubuhi yalikuwa bado ubaoni: raia wote ni sawa mbele ya sheria.

Usiku wa siku ya tatu mama mmoja wa msikiti wetu alifika nyumbani kwangu na mtoto wake, mwanafunzi wangu wa chuo, mwenye kuhifadhi vizuri. Ndiye aliyechukua. Mama, Mwenyezi Mungu amlipe, hakutaka kuficha. Baba alikuja nyuma yake akaniomba: "Shehe, pesa nitalipa. Tusitirike." Nami nilikubali. Nilijiambia kwamba mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri, na hayo ni mafundisho sahihi ya Mtume (s.a.w.). Siku mbili nzima nilitembea na habari hiyo kifuani, nikijihesabu kuwa mtu wa hekima.

Msomaji wangu, ulikwisha ona nilipokosea. Nilimsitiri mmoja kwa nguo ya mwingine. Machoni pa watoto sabini yule mtoto wa mgeni alibaki mwizi, na kila siku ya kunyamaza kwangu ilikuwa ni kuthibitisha.

Nilipokuwa natayarisha darasa la tafsiri, nilifika katika Sura An-Nisaa, aya ya 105 mpaka ya 113, ambazo nazijua tangu ujana. Wafasiri wamepokea kisa chake kwa njia zaidi ya moja, lakini kiini ni hiki. Madina iliibiwa deraya, yaani nguo ya chuma ya vita. Mwizi alikuwa Tu'ma bin Ubayriq, mtu wa ukoo uliokuwa umeingia katika Uislamu. Shauri lilipoanza kumwelekea, deraya ikaonekana kwa jirani Myahudi. Ukoo wa Tu'ma ukamwendea Mtume (s.a.w.) kumtetea ndugu yao: huyu ni wetu, yule si wetu. Nani angemsadiki Myahudi? Hapo ndipo zikashuka aya za kumwonya Mtume asiwe mteteaji wa wahaini, na za kubainisha kwamba anayetenda kosa kisha akamtupia asiye na hatia amejitwisha uzushi na dhambi iliyo wazi.

Zingatia vizuri. Wahyi ulishuka kumsafisha mtu ambaye hakuwa Mwislamu, dhidi ya watu wa safu yetu wenyewe, na Waislamu tunausoma mpaka Siku ya Kiyama. Ungeweza kufikiri kwamba heshima ya jumuiya changa iliyozungukwa na maadui ilihitaji kufunika. Mwenyezi Mungu hakuifunika. Na mapema zaidi, mwanzoni mwa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliandika mkataba na watu wa Madina, akawahesabu Mayahudi wa makabila yaliyotajwa humo pamoja na waumini, kila mmoja na dini yake, na wote wakabebana katika ulinzi wa mji. Kwa hiyo mzazi anayeogopa neno uraia aelewe kwamba kuishi kwa haki na jirani wa dini nyingine sisi tulikusoma kabla Kongo haijawa na mpaka wala ramani.

Nilikwenda kwa baba wa mtoto nikamwambia nimelivunja neno langu, na kwa nini. Alikasirika, kisha akanyamaza, kisha akasema twende. Ofisini kwa direkta, mwanawe alirudisha pesa mkononi mwa yule binti na kumwomba msamaha yeye na mtoto wa mgeni. Mbele ya kalasi hatukumtaja jina, maana hakuna faida ya kuosha aibu ya mtoto mmoja kwa aibu ya mwingine. Lakini mwalimu alisimama palepale aliposimamisha mfuko ule na kusema: "Pesa zimepatikana. Huyu hakuchukua kitu. Nilimpekua yeye peke yake kwa sababu ni mgeni, na nilikosea." Mimi nikaongeza kosa langu la siku mbili. Yule mtoto hakusema neno. Direkta ndiye aliyenionyesha: tangu siku ile alikuwa anaushika mfuko wake mapajani, na asubuhi hiyo aliushusha chini ya dawati kama wenzake.

Baadhi ya wazee wamenilaumu. Wanasema mwalimu akiomba msamaha, watoto watampanda kichwani. Nawakumbusha kisa cha Badr katika sira: Mtume (s.a.w.) alipokuwa ananyosha safu, alimgusa Sawad bin Ghaziyya tumboni kwa mshale. Sawad akasema ameumia, anadai haki yake. Mtume akafunua tumbo lake ili alipize, na Sawad akalibusu. Je, jeshi lile lilimdharau? Mwalimu wetu alifundisha kifungu cha 12 kwa chaki na hakikuingia. Alikifundisha mara ya pili kwa kinywa chake mwenyewe, na nadhani watoto wale hawatakisahau.

Neno moja kwa wenzangu wa vyuo vya Qur'ani, na kwangu kwanza. Nimesikia watoto uwanjani wakimtupia mwana wa jirani neno "kafiri" kama watu wanavyotupiana mawe ya mchezo. Mtoto halizui neno hilo. Amelitoa nyumbani, au amelitoa kwetu. Vivyo hivyo "mukimbizi", na "mtu wa kuja". Jioni mtoto akirudi, usimwulize alama tu. Mwulize ni nani katika kalasi yao anayekaa peke yake, na amemfanyia nini.

Jumamosi ya kesho, baada ya swala ya adhuhuri, komite ya wazazi ya shule hiyo itakutana. Tutapendekeza kanuni moja: kitu kikipotea, hakuna mfuko wa mtoto mmoja kupekuliwa mbele ya wenzake. Upekuzi ukihitajika, uwe kwa wote au usiwepo, na ufanyike kwa direkta, mzazi akiwepo. Baba wa yule mtoto wa mgeni amealikwa, na amekubali kuja. Anayepinga kanuni hii asipinge barazani. Aje apinge pale, yeye akisikia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.