Jiwe kubwa kwenye mrija wa nyongo

Swali: Mama yangu ana jiwe la milimita 18 kwenye mrija wa nyongo. Je, lazima apasuliwe tumbo?

Jibu: Mara nyingi, hapana. Tangu 1974, madaktari wa Ujerumani na Japani walipoonyesha njia, endoskopi (bomba jembamba lenye kamera) hupitishwa mdomoni hadi utumbo mwembamba, mlango wa mrija ukachanwa kidogo, na jiwe likavutwa kwa kikapu cha waya.

Likizidi milimita 15 ndipo kazi huanza. Mlango hupanuliwa kwa puto, au jiwe huvunjwavunjwa kwa kikapu kinacholibana au kwa leza. Likigoma, kimrija cha plastiki huachwa ndani nyongo ipite, na mgonjwa hurudi baadaye.

Madhara ya tiba hii yanayojitokeza zaidi ni kuvimba kwa kongosho.

Akipata homa, maumivu na macho ya manjano, asisubiri miadi: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.