Zimwi Rafiki: Usomaji wa Kitabu cha Picha cha Maurice Sendak

Aghalabu zimwi katika ngano za Kiswahili huumbwa ili liangamizwe. Katika ngano ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere mnamo 1870, nunda mla watu hana wa kumsikitikia. Shujaa ni yule amuuaye. Maurice Sendak (1928–2012), mwandishi na mchoraji wa Kimarekani, alishika njia nyingine katika Where the Wild Things Are (1963), kitabu kilichotuzwa Nishani ya Caldecott mwaka wa 1964.

Max, mtoto aliyevaa vazi la mbwamwitu, anazidisha utundu hadi mamake anamwita kiumbe cha mwituni. Mtoto naye anatishia kumla mamake, na hapo analazwa bila chakula. Msitu unamea chumbani. Anasafiri kwa mashua hadi kwa mazimwi. Anayafuga kwa kuyakazia macho pasi na kupepesa, nayo yanamtawaza mfalme.

Wengi huuona urafiki huu kuwa faraja tu kwa mtoto mwoga. Rai hiyo ni finyu. Jina yanaloitwa mazimwi ndilo lile Max aliloitwa na mamake. Kwa hiyo anachokifuga ni hasira yake mwenyewe. Isitoshe, akiisha kucheza nayo anayalaza bila chakula, adhabu ile ile aliyopewa. Anapoaga, mazimwi yanatishia kumla kwa sababu yanampenda. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Haya ya Sendak, kadiri yanavyomjua mtu ndivyo yanavyotamani kummeza!

Mhakiki anayesoma maneno peke yake, kama tulivyozoea katika riwaya, hatayaona haya yote. Picha za mwanzo ni ndogo, zimezungukwa na weupe wa karatasi. Hupanuka kadiri hasira inavyopanuka, hadi wakati wa vurumai ambapo kurasa mbili mbili, mara tatu mfululizo, zinajaa picha bila neno hata moja. Lugha imesalimu amri. Baadaye picha zinapungua tena, na ukurasa wa mwisho una maneno matupu: chakula alichokikuta Max chumbani bado ki moto.

Mama haonekani katika picha yoyote. Msomaji anamjua kwa kemeo lake la mwanzoni na kwa chakula hicho.