Kujaribu Linux bila kuhatarisha tasnifu: mashine pepe au flashi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Wengi wetu kitivoni hatukusikia kishindo chochote. Asubuhi iliyofuata kompyuta ziliwaka kama siku zote. Lakini hapa Kisangani flashi zetu zinazunguka kutoka sekretarieti moja ya umma hadi nyingine, na mara nyingi zinarudi na virusi vile vinavyoficha folda na kuacha vivuli vyake tu. Katika mazingira hayo, mfumo usiopata tena masasisho ya usalama ni nyumba isiyo na komeo.

Kompyuta yangu ya mkononi niliinunua ikiwa imeshatumika. Prosesa yake ni ya zamani, memori ni GB 4, na haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Ndani yake mna saa 11 za masimulizi ya Kilingala niliyorekodi Lubunga, ng'ambo ya mto, na faili za ELAN zenye maandishi yake, sentensi kwa sentensi. Wazee wawili kati ya wale niliowarekodi wameshafariki. Rekodi hizo hazirudiwi. Kwa hiyo nilipoanza kufikiria Linux, swali langu la kwanza halikuwa kama ni nzuri. Nilitaka kujua nitaijaribu vipi bila kugusa kilichomo.

Njia ni mbili, na watu huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja. Ya kwanza ni mashine pepe: ndani ya Windows unaweka programu, kwa mfano VirtualBox, inayojifanya kompyuta nzima, na mfumo mpya unaishi humo kama mgeni chumbani. Ya pili ni kuuandika mfumo kwenye flashi na kuiwasha kompyuta kutokea kwenye flashi hiyo, huku diski ya ndani ikibaki imelala. Nimezijaribu zote mbili kwa muda wa wiki tatu. Nilichojifunza, nadhani, mwanaisimu atakielewa haraka kuliko mhandisi: njia hizi mbili hazijibu swali moja.

Nianze na mashine pepe, maana ndiyo isiyotisha. Kabla ya yote prosesa lazima iruhusu kazi hiyo. Ukifungua msimamizi wa kazi wa Windows, kwenye ukurasa wa utendaji, utaona kama uwezo huo umewashwa. Ukiwa umezimwa, unawashwa ndani ya BIOS. Kisha unamgawia mgeni memori na diski. Diski yake ni faili moja tu kubwa ndani ya diski yako. Ukichoka unaifuta na hakuna alama inayobaki. Unaweza pia kuhifadhi hali ya mgeni kabla ya kujaribu jambo la hatari, ukaharibu, kisha ukarudi pale pale. Kwa mtu mwenye woga kama mimi hii ni zawadi kubwa.

Nilichagua Linux Mint ya Xfce kwa sababu inaridhika na memori ndogo: GB 2 inatosha kuiwasha, ingawa 4 ni bora. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na hapa mniruhusu nitoke njiani kidogo. Jina Ubuntu, lililoletwa mwaka 2004 na kundi la Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni nomino ya ngeli ya 14 kama tunavyoifundishwa darasani: irabu tangulizi u-, kiambishi -bu-, shina -ntu. Kiswahili kimeangusha b na n kikabaki na utu. Kiluba na Ciluba wanasema bumuntu. Sijui mfumo endeshi mwingine ambao jina lake linaweza kuwekwa kwenye mtihani wa isimu linganishi.

Tuendelee. Ndani ya mashine pepe nilijaribu kwanza lile linalonihusu: herufi. Katika Kilingala moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ni moto unaowaka. Nikiondoa toni na irabu wazi, maneno matatu yanakuwa moja, na tasnifu yangu inakuwa haina mada. Kwenye Windows, kwa miaka miwili, nilikuwa nanakili ɔ kutoka kwenye jedwali na kuibandika, moja moja, kama mtu anayepanda mahindi kwa kijiko. Katika orodha ya kibodi za Linux nilikuta mpangilio wa Kongo ya Kidemokrasia, jirani na ule wa Kameruni na wa Togo. Herufi ɛ na ɔ zimo, bila programu ya ziada. Fonti za Charis SIL na Doulos SIL zinapatikana kwenye ghala la programu. Praat ya Boersma na Weenink ina toleo la Linux, ELAN ya Nijmegen vilevile. Kwa FLEx ya SIL njia ni ndefu zaidi, na anayeitegemea kwa kamusi yake asiache Windows kabla hajaijaribu kwa data yake mwenyewe.

Jaribio moja dogo ninalishauri kwa kila mtu wa kitivo chetu, katika mfumo wowote. Andika motó mara mbili: mara moja kwa kibodi, mara moja kwa kunakili kutoka faili ya zamani. Kisha tafuta neno hilo. Inawezekana programu ikakuonyesha moja tu. Sababu ni kwamba ó katika Unicode inaweza kuwa alama moja, U+00F3, au mbili, yaani o ikifuatwa na alama ya toni U+0301. Machoni ni zilezile, lakini kwa mashine ni tofauti. Herufi ɔ́ haina alama moja kabisa. Daima ni ɔ na toni yake juu. Mimi niligundua siku hiyo kwamba hesabu yangu ya motó katika sura ya tatu ilikuwa pungufu. Kosa hilo halikuwa la Windows wala la Linux. Lilikuwa langu, na lilinisubiri humo tangu mwaka jana.

Baada ya siku nne za mashine pepe nilikuwa nimeshawishika. Yaya mmoja msaidizi, aliyetutangulia miaka mingi katika mambo haya, aliniuliza swali moja tu: «Na wifi yako?» Nikamjibu kwamba intaneti inafanya kazi vizuri. Akaniambia niangalie tena ile picha ndogo kwenye kona. Ilionyesha kwamba nimeunganishwa kwa waya. Lakini kompyuta yangu haikuwa na waya wowote ulioingia ndani yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mgeni ndani ya mashine pepe haoni kompyuta yako. Anaoneshwa kadi ya mtandao ya kuigiza, kadi ya sauti ya kuigiza, skrini ya kuigiza. Windows ndiyo inayozungumza na vifaa halisi na kumpitishia. Ni sawa na kumhoji msemaji ofisini kwa dodoso, huku mkalimani amekaa katikati. Utapata msamiati, utapata mnyambuliko wa vitenzi, na vingi vitakuwa sahihi. Lakini hutajua anavyosema sokoni. Mashine pepe ilinieleza mambo ya Linux. Haikunieleza lolote kuhusu Linux ndani ya mashine yangu. Hata upole wake ulikuwa wa uongo: kwa GB 4 zinazogawanywa baina ya mwenyeji na mgeni, Praat ilijikokota na sauti ikakatika-katika, na karibu niihukumu Linux kwa kosa la chumba.

Basi nikaenda uwandani, yaani kwenye flashi.

Faili ya ISO ya Mint ni karibu GB 3. Kwa bei ya mega zetu, heri kuinakili kwa mwenzako kuliko kuipakua upya. Lakini faili iliyopita mikononi mwa watu wanne ihakikiwe. Tovuti ya mfumo inatoa hesho ya SHA256, mfuatano wa tarakimu na herufi 64; kwenye Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na kulinganisha. Herufi moja ikitofautiana, faili si ile. Sisi tunaolinganisha miswada hatuna udhuru wa kuruka hatua hii.

Kuandika kwenye flashi nilitumia Rufus. Flashi ya GB 8 inatosha, na iwe tupu, kwa sababu kila kilichomo kinafutwa. Soma jina na ukubwa wa kifaa mara mbili kabla ya kubofya. Ikiwa umechomeka pia diski ya nje, ichomoe. Kisha zima kompyuta, iwashe, na ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwenye Dell na Lenovo kwa kawaida ni F12, kwenye HP ni Esc kisha F9. Kabla ya kugusa lolote ndani ya BIOS, angalia kama Windows yako imefunga diski kwa BitLocker. Baadhi ya kompyuta zimefungwa bila mwenyewe kujua, na mabadiliko ndani ya BIOS yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Andika ufunguo huo kwenye karatasi kwanza.

Mint iliwaka kutoka kwenye flashi kwa chini ya dakika mbili. Memori yote ilikuwa yake, Praat ikakimbia. Maikrofoni ilinasa sauti safi. Na wifi? Hakuna. Kadi yangu inahitaji programu ya mtengenezaji ambayo haimo kwenye flashi, na ili kuipakua unahitaji intaneti. Mduara. Nilitoka kwa kuchomeka simu kwa kebo na kuigawa mega zake. Linux iliitambua papo hapo. Katika siku zangu nne za mashine pepe, jambo hili lisingejulikana kamwe, na ningelikutana nalo baada ya kuifuta Windows.

Sasa niseme kosa langu, maana wengine watalirudia. Siku ya pili ya flashi nilijiona mwenyeji. Nilifungua ELAN, nikaandika toni za masimulizi ya dakika sita kwa muda wa saa mbili na zaidi, nikahifadhi kwenye folda ya nyaraka. Umeme ulikatika kama ilivyo desturi, betri yangu ya uzee ikashika dakika kumi, kisha giza. Umeme uliporudi, folda ilikuwa tupu. Mfumo unaowaka kutoka kwenye flashi unaishi ndani ya memori, na memori haina kesho. «Yaya, ulihifadhi wapi?» aliniuliza mdogo wangu aliyekuwa akinitazama. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kuna dawa mbili. Moja ni kuhifadhi kazi kwenye flashi ya pili tangu dakika ya kwanza. Nyingine ni kutenga sehemu ya kudumu wakati wa kuandika flashi. Rufus inaruhusu hivyo kwa Ubuntu, na humo faili na programu hubaki baada ya kuzima. Ila mfumo unaosoma na kuandika kwenye flashi kila sekunde ni wa polepole, na flashi za bei nafuu hazivumilii maisha hayo kwa muda mrefu. Mimi nimeshika dawa ya kwanza.

Diski ya Windows unaweza kuiona kutoka kwenye flashi. Hapo kuna mtego. Windows ya kisasa ikizimwa haizimiki kabisa. Inabaki katika usingizi wa kuwaka haraka, na Linux itakuruhusu kusoma tu. Msiulazimishe mlango huo. Na kwenye meza ya Mint kuna ikoni ya kusakinisha, inayongoja kidole cha mwenye haraka. Mwenzetu mmoja wa lisansi aliibofya, akachagua kufuta diski yote akidhani inasemwa diski ya flashi. Kazi yake ya mwisho wa mzunguko aliiandika upya kutoka kwenye nakala zilizochapishwa, zenye alama za kalamu nyekundu za mwalimu wake.

Je, nimehamia Linux? Bado. Nitatetea tasnifu nikiwa na Windows yangu ya zamani, iliyotenganishwa na intaneti, na Mint kwenye flashi kwa kazi ya mtandaoni na kwa kuandika herufi. Saa 11 za Lubunga ziko sasa mahali patatu, na pamoja napo ni kwenye diski ambayo haijawahi kuguswa na kompyuta ya sekretarieti. Baada ya utetezi nitasakinisha, nikijua tayari ni kadi ipi itakayonisumbua na kebo ipi itakayoniokoa.

Faili ya ISO ninayo, hesho yake nimeihakiki. Anayeitaka anikute maktaba siku za Jumatano mchana, aje na flashi mbili: moja tupu kwa ajili ya mfumo, nyingine ya kuhifadhia.