Mlango Umefungwa, Lakini Sebuleni Kuna Nini?

Barua zimejaa boksi la viatu, na vumbi la Karatu limezipaka zote rangi moja. Nimechagua zilizoniudhi na zilizoninyima usingizi. Zote zinahusu riwaya za mapenzi zinazoishia mlangoni: wapendanao wanaingia chumbani, mlango unafungwa, na sura inayofuata watu wanakunywa chai ya asubuhi. Riwaya za namna hiyo ndizo ninazohariri.

Kitabu hakina mambo ya kitandani hata kidogo. Basi naweza kumpa binti yangu wa kidato cha pili bila wasiwasi?

Hili limeulizwa na mama wa Rhotia, baba wa Oldeani, matroni wa bweni na wengine wawili. Nawajibu pamoja kwa sababu wote wameteleza mahali pamoja.

Mlango uliofungwa una habari moja tu: kwamba kitanda hutaoneshwa. Aliyeingia ana umri gani, aliingia kwa miguu yake au kwa kuvutwa mkono, alikuwa na njia ya kukataa au hakuwa nayo, hayo mlango haukwambii. Nyie mnanusa chumbani, na uozo uko sebuleni.

Nililetewa mswada ulioandikwa “SAFI” juu kabisa, kwa wino mwekundu. Kweli, hata busu halikuwamo. Mwalimu wa hesabu anampenda mwanafunzi wa kidato cha tatu. Anamnunulia simu. Anamwita ofisini jioni, anafunga mlango “ili wazungumze”. Msichana analia, mwandishi anatuambia ni machozi ya mapenzi. Ukurasa wa mwisho ni harusi na kwaya, na bibi harusi bado hajafanya mtihani wa kidato cha nne. Hakuna kifungo cha shati kilichofunguliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini tangu 2016 sheria ya nchi hii inamtaka anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba akae jela miaka 30. Mwaka huohuo, katika kesi aliyoifungua mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwandishi wangu alikuwa ameandika kesi ya jinai akaifunga utepe wa harusi. Nilipomrudishia mswada alishangaa sana. “Lakini mama, mbona hakuna matusi?”

Na si yeye peke yake. Yuko kijana anayekataliwa mara saba na kurudi mara ya nane, nasi tunaambiwa tumpende kwa uvumilivu wake. Huyo ni msumbufu. Yuko dada anayetia limbwata kwenye mboga, mume anatulia kama kondoo, na wasomaji wanapiga makofi. Mtu aliyelishwa dawa hajapenda. Hata hao waganga mnaowaona kwenye mabango wangeombwa watie kitu kwenye chai yao wenyewe wangekataa.

Mkumbuke Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa madai kwamba inachafua maadili, kisha miaka ikapita ikarudi darasani. Waliokasirika walikasirikia ngono. Lakini tazama mahali maafa yanapoanzia: baba, Zakaria, anampiga bintiye kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo kile kiko wazi, mchana kweupe, na sijawahi kukutana na mzazi aliyeniambia kinafaa kuonewa haya kuliko kitanda. Februari 2023 Wizara ya Elimu iliondoa vitabu 16 mashuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwamo, na wiki ile nilipokea wazazi wengi wakiulizia “kitabu safi”. Hakuna aliyeniuliza kama shujaa wa kitabu hicho ni mtu wa kumkaribisha nyumbani.

Kwa hiyo mama wa Rhotia, fanya hivi. Soma wewe kwanza. Tafuta mahali msichana anaposema “hapana” kwa mara ya kwanza, uone mwandishi analifanyia nini neno hilo. Likisikilizwa, mpe binti. Likichukuliwa kuwa ni maringo tu, kitabu kitumie kuwashia moto wa kuchemshia maharage.

Na busu?

Linaruhusiwa.

Nililipa shilingi elfu moja kwa simu nipate simulizi iliyotangazwa “tamu, haina matusi”. Sehemu ya sita ikageuka chombezo, na nilikuwa namsomea mke wangu kwa sauti. Je, nimeibiwa? (Mang’ola)

Umeibiwa. Sina ugomvi na chombezo, hadithi ya kitandani. Lina wanunuzi wake, watu wazima wanaojua wanachonunua. Ugomvi wangu ni na lebo. Wewe unalima vitunguu: ukinunua gunia, juu vizuri, katikati vimeoza, utasema muuzaji ana kipaji cha kushtukiza? Hawa wa vikundi vya simu wanajua kabisa wanachofanya. Sehemu tano za kwanza ni maua na mvua, ukishanogewa ndipo wanapobadilisha, maana sehemu ya saba unailipia tena. Mwandishi mwenye adabu husema mwanzoni kabisa mlango wake hufungwa wapi, na hausogezi safari ikiwa imeshaanza. Usilipe tena. Na mke wako mwambie pole.

Kwa nini waandishi wa mapenzi huweka twiga ndani ya kreta ya Ngorongoro? (dereva wa watalii)

Kwa sababu hawajafika. Kule chini twiga hakuna, na kila mwongozaji hapa mjini amelijibu swali hilo hadi amechoka. Mswada mmoja ulikuwa na twiga wawili wakiwatazama wapenzi waliolala kwenye hema katikati ya kreta. Chini hakuna wa kulala. Jioni, ikifika saa kumi na mbili, magari yanatakiwa yawe yameshapanda. Waandishi wa kwingine hukesha wakitafuta sababu ya kuwatenganisha wapenzi kabla giza halijaingia. Sisi tuna geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, hatulitumii!

Kufunga mlango si unafiki wa kuiga wazungu? Waswahili husema mambo waziwazi.

Waswahili husema waziwazi mbele ya wanaohusika. Kungwi humfunza mwali mambo ambayo chombezo lote la mjini halijayafikia, lakini angalia nani yumo chumbani. Nje, jambo lilelile huvaa kanga na fumbo. Muhammad Saleh Farsy alituandikia Kurwa na Doto mwaka 1960, maisha ya kijiji cha Unguja, wachumba na ndoa ndani yake, bila kumpeleka msomaji hadi kwenye neti. Kitabu kikiingia sokoni hakijui nani atakifungua, babu au mjukuu. Ndiyo maana kinafunga mlango.

Ni kweli riwaya za mapenzi huvuta jini mahaba?

Si kweli. Aliyekuuzia dawa ya kulitoa akurudishie pesa yako.

Shikamoo mama. Nataka kuandika juu ya wapenzi wa Endulen. Familia ya kijana inahamia Msomera, msichana anabaki. Je, hadithi ya namna hiyo inaweza kuitwa tamu?

Marahaba binti yangu. Barua yako niliisoma mara mbili.

Inaweza. Utamu hauna maana kwamba watu hawaumii. Tangu familia za Ngorongoro zilipoanza kuhamia Msomera, Handeni, mwaka 2022, watu wameagana kweli, na ukiandika kana kwamba hakuna aliyelia wasomaji wako watakucheka. Unachomwahidi msomaji wa hadithi tamu ni mwisho: wawili hawa watafika, au tutawaacha wakiwa njiani kufikiana. Riwaya zetu nyingi za mapenzi huvunja ahadi hiyo bila haya. Kurasa mia mbili za subira, halafu basi linapinduka au ugonjwa usiotajwa unamchukua msichana, na jalada bado lina waridi.

Mpe kijana sababu ya kurudi ambayo si utajiri wa ghafla. Mpe msichana kazi, asikae tu akitazama barabara. Weka na mama anayepinga kwa sababu za maana, siyo kwa ubaya wa moyo. Usimtie mtu kwenye basi ukurasa wa mwisho. Ukimaliza sura tatu niletee, zichapwe upande mmoja wa karatasi, na uache nafasi pembeni. Naandika sana pembeni.