Swichi ya Ufunguo wa Gari Kuukuu: Kutambua Hitilafu na Kurekebisha Nyaya kwa Usalama

Gari kuukuu halikatai kuwaka siku ya mapumziko. Hukataa usiku mgonjwa anaposubiri kupelekwa hospitali, au alfajiri mboga zikiwa zimeshapakiwa kwenda sokoni. Mara nyingi lawama ya kwanza huangukia betri. Betri mpya hununuliwa, gari huwaka siku mbili, kisha tatizo hurudi pale pale. Kumbe hitilafu imejificha chini ya usukani, kwenye swichi ya ufunguo na nyaya zake.

Somo hili linaeleza jinsi swichi hiyo inavyofanya kazi, jinsi ya kuipima, na jinsi ya kurekebisha nyaya zilizoungua bila kuwasha moto ndani ya gari. Mfano unaotumika ni wa magari ya Toyota ya miaka ya 1990, kama Corolla ya kizazi cha E100, ambayo bado yanaonekana kwenye barabara nyingi nchini. Magari ya kampuni nyingine hufuata kanuni ile ile, ingawa alama za nyaya hutofautiana.

Kazi ya swichi

Ufunguo wa gari huendesha vitu viwili. Cha kwanza ni kufuli lenyewe, ambalo pia hufunga usukani. Cha pili ni swichi ya umeme iliyo nyuma ya kufuli hilo. Katika Toyota nyingi za zamani, swichi hiyo ya umeme imeshikiliwa na skrubu moja au mbili, na inaweza kubadilishwa peke yake. Mwenye gari hahitaji kununua kufuli na ufunguo mpya kwa sababu tu nyaya zimeungua.

Swichi ina hatua nne. LOCK huzima kila kitu na kufunga usukani. ACC hupeleka umeme kwenye redio na vifaa vidogo. ON huwasha mfumo wa injini, mita na waipa. START huamuru stata izungushe injini, kisha springi hurudisha ufunguo kwenye ON.

Nyuma ya swichi za Toyota kuna alama. AM1 na AM2 ni nyaya zinazoleta umeme kutoka kwa betri, na huwa na umeme wakati wote. ACC, IG1 na IG2 ni nyaya zinazotoa umeme kwenda kwenye vifaa na injini. ST ni waya unaopeleka amri kwa stata. Fundi hufuata alama hizi, si rangi za nyaya, kwa kuwa gari lililopitia mikono mingi huwa limeungwa kwa nyaya za rangi yoyote iliyopatikana.

Kwa nini nyaya huungua

Stata yenyewe hupata umeme wake kupitia waya mnene unaotoka moja kwa moja kwa betri. Hata hivyo, solenoidi inayoiamuru stata huvuta mkondo mkubwa kiasi, na katika magari mengi ya zamani mkondo huo wote hupitia kwenye swichi ya ufunguo. Kila gari linapowashwa, cheche ndogo hula vidole vya shaba vilivyo ndani. Baada ya miaka mingi, vidole hivyo huwa vyeusi na vyembamba, na umeme hupita kwa taabu.

Hesabu rahisi inaonyesha hatari yake. Tuseme mkondo wa ampea 20 unapita kwenye kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.1 pekee. Volti zinazopotea hapo ni 20 mara 0.1, yaani volti 2. Joto linalozalishwa ni ampea 20 mara volti 2, yaani wati 40. Hicho ni kiasi cha joto la chuma cha kulehemu, kikiwa kimefungiwa ndani ya plastiki chini ya dashibodi. Ndiyo maana soketi ya nyaya huyeyuka hata kama fyuzi haijakatika. Fyuzi hukatika mkondo unapozidi, lakini haioni joto la kiungo kilicholegea.

Dalili na maana zake

Ufunguo ukiwa ON na taa zote za dashibodi zikakaa kimya, kichunguzwe kwanza kichwa cha betri, kisha fyuzi kuu, kisha waya wa AM.

Taa zikiwaka vizuri lakini START isifanye lolote, waya wa ST au solenoidi ndiyo ya kushukiwa. Kwa gari la gia otomatiki, gia ijaribiwe kwenye P na N, kwa sababu kuna swichi inayozuia stata gia ikiwa kwingine.

Mlio mmoja wa "tak" pamoja na taa kufifia huashiria betri dhaifu au vichwa vya betri vyenye kutu.

Injini ikiwaka lakini ikazima mara ufunguo unapoachiliwa, basi START inapeleka umeme na ON haipeleki. Hapo vidole vya IG ndani ya swichi huenda vimekwisha.

Gari likizima ufunguo unapotikiswa, swichi imechakaa. Ufunguo ukiwa wa moto au kukiwa na harufu ya plastiki inayoungua, gari lisiendeshwe tena mpaka lirekebishwe.

Kupima kabla ya kukata

Betri ndiyo ya kuanza nayo. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6 kwenye multimita. Ikionyesha volti 12.0 au chini yake, ichajiwe kwanza, kwani vipimo vingine vyote vitadanganya.

Kisha kifuniko cha plastiki chini ya usukani hufunguliwa, na swichi hupimwa soketi yake ikiwa bado imechomekwa. Kipimo cheusi huwekwa kwenye kichwa hasi cha betri au kwenye bodi safi isiyo na rangi. Kipimo chekundu huguswa kwenye kila waya kutoka nyuma ya soketi. AM1 na AM2 zinapaswa kuonyesha volti za betri hata ufunguo ukiwa umezimwa. Ufunguo ukiwa ON, IG1 na IG2 zionyeshe karibu volti zile zile. ST ionyeshe umeme wakati wa START pekee.

Kosa la kawaida ni kupima soketi ikiwa imechomolewa. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja tu wa shaba huonyesha volti 12 kamili ikiwa hakuna mzigo, kisha huanguka mara taa na waipa zinapowashwa. Kwa hiyo vipimo hufanywa vifaa vikiwa vimewashwa. AM ikiwa na volti 12.4 na IG ikawa na 10, swichi ndiyo mgonjwa. Ikiwa AM yenyewe haina kitu, tatizo liko kati ya swichi na betri, na kununua swichi mpya ni kutupa pesa.

Kurekebisha, hatua kwa hatua

Kwanza, gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe mawe. Kichwa hasi cha betri kifunguliwe kabla ya kichwa chanya. Spana ikigusa bodi wakati wa kufungua upande wa chanya kwanza, cheche zake zinaweza kulipua hewa ya betri.

Gari lenye mfuko wa hewa kwenye usukani lisichezewe na asiye na mafunzo. Nyaya zake huwa zimefunikwa kwa rangi ya manjano, na kuzipima kwa taa ya kupimia kunaweza kufyatua mfuko huo usoni.

Pili, nyaya zipigwe picha kwa simu au kuwekewa vibandiko kabla ya kuchomolewa. Ndipo swichi ifunguliwe na kutolewa.

Tatu, sehemu iliyoungua ikatwe mpaka shaba inayong'aa ionekane. Shaba nyeusi haishiki lehemu na haibani vizuri. Ikilazimu kurudi nyuma sentimita kumi, na irudiwe.

Nne, kipande kipya kiungwe kwa waya wa gari wenye nyuzi nyingi, usiopungua unene wa ule wa zamani. Waya wa nyumba wenye shaba moja ngumu haufai, kwani mtikisiko wa barabara huukata. Mrija wa mpira unaosinyaa kwa joto uvalishwe kabla ya kuunga, kisha kiungo kiminywe kwa koleo maalum au kilehemiwe. Viungo vya nyaya jirani visikae sambamba; kimoja kiwe juu na kingine chini, ili visigusane hata mpira ukichanika.

Tano, ikiwa soketi imeyeyuka, ibadilishwe pamoja na vidole vyake. Swichi mpya ikichomekwa kwenye soketi iliyolegea itaungua kama ile ya kwanza. Swichi ya zamani ipelekwe dukani ili idadi ya pini na alama zilinganishwe.

Sita, kichwa chanya cha betri kirudishwe kwanza na hasi mwisho. Kila hatua ya ufunguo ijaribiwe, na ihakikishwe kwamba ufunguo unarudi wenyewe kutoka START. Baada ya safari ya nusu saa, soketi iguswe. Uvuguvugu si neno, ila joto la kuchoma linamaanisha kazi irudiwe.

Rilei: njia ya kuipunguzia swichi mzigo

Mafundi wengi hufunga rilei ili mkondo wa solenoidi usipitie kwenye swichi. Pini 86 hupokea waya wa ST, na pini 85 hufungwa kwenye bodi. Pini 30 huletewa umeme kutoka kwa betri kupitia fyuzi yake, na pini 87 hupeleka umeme kwa solenoidi. Swichi hubaki ikipitisha sehemu ndogo tu ya ampea. Kwa gari la otomatiki, waya wa ST uchukuliwe baada ya swichi ya gia. Vinginevyo gari linaweza kuwashwa likiwa kwenye D na kumgonga aliye mbele yake.

Mambo yasiyofaa kabisa

Karatasi ya sigara au waya kwenye nafasi ya fyuzi huugeuza waya wote wa gari kuwa fyuzi, na waya huo umepita chini ya viti vya abiria. Kuunga nyaya dairekti na kitufe cha mlango pia ni hatari. Mwizi hahitaji tena ufunguo, na mtoto aliyeachwa ndani anaweza kuliwasha gari.

Swichi isiyoshika vizuri huua hata pasipo moto. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita kiwandani magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ufunguo uliweza kuteleza kutoka kwenye ON gari likiwa mwendoni. Injini ilizima, na mifuko ya hewa haikufunguka wakati wa ajali. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Moja ya maagizo kwa wenye magari hayo lilikuwa kuondoa mizigo kwenye ufunguo. Rundo la funguo za nyumba, duka na ghala linaloning'inia kwenye swichi kuukuu lina madhara yale yale hapa kwetu.

Injini ikizima mwendoni, usukani na breki huwa vigumu lakini bado vinafanya kazi. Dereva ashike usukani kwa nguvu, akanyage breki mara moja bila kuachia na kurudia, na aelekee kando. Ufunguo usirudishwe LOCK kabla ya gari kusimama, maana usukani utafunga. Moshi ukitokea chini ya dashibodi, abiria watoke kwanza, kisha ufunguo uzimwe na betri itenganishwe ikiwa inafikika. Namba za dharura ni 999 na 112. Huduma ya zimamoto ni jukumu la serikali ya kaunti.

Kwa wanaotaka kujifunza zaidi

Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti, na kozi za ufundi wa magari na umeme hufundishwa humo. Fundi wa jua kali aliyejifunzia kazini anaweza pia kufanya mtihani wa NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na kupata cheti cha ujuzi alio nao tayari. Mwenye gari naye anapompelekea fundi kazi, ana haki ya kuomba aonyeshwe kipimo kabla ya kununua kifaa. Fundi anayepima kwanza humwokolea mteja pesa, na abiria wake hufika nyumbani.