Kadi Mpya, Jina la Zamani: Somo la Mtandao Kutoka Fildi ya Mbulu

Mliokwenda fildi mnalijua hili: ukishatamka tu kwamba unasoma ualimu na kozi mbili tatu za kompyuta, tayari wewe ni fundi wa shule. Printa ikigoma, wewe. Simu ya matroni ikijaa, wewe. Mimi nilipangiwa shule moja ya kata wilayani Mbulu, na wiki ya pili nikakabidhiwa kesi.

Maabara ilikuwa na kompyuta moja kubwa inayotumia Ubuntu Server, ndiyo iliyohifadhi notsi na mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita. Kompyuta ndogo zote zinavuta kutoka humo kwa waya. Intaneti hakuna, wala haihitajiki. Msimu wa mvua radi ikapita kwenye waya, ikaunguza tundu la mtandao la ile kubwa. Shule ikaagiza kadi ya mtandao kutoka Arusha, ikaja na basi. Aliyeichomeka ni kijana wa kidato cha tatu, mtunza ufunguo wa maabara. Tangu siku hiyo mashine ikawa inakwama dakika mbili nzima ikiwashwa, na mtandao hakuna. Ikaamuliwa kijana ameua kadi. Akanyang'anywa ufunguo, akaambiwa aje na mzazi, kadi ilipwe. Kidato cha nne nao walikuwa wanasubiri moko.

Nikaomba siku moja kabla mzazi hajaja.

Kwanza nilitaka kujua kama mashine inaiona kadi. Amri ni `lspci`, inayoorodhesha vilivyochomekwa kwenye bodi. Kadi ilikuwemo. Isingekuwemo, ningezima, nichomoe umeme, niitoe na kuirudisha mpaka ikae vizuri. Kwa hiyo kijana aliichomeka sawasawa.

Lakini taa ya kadi ilikuwa haiwaki, na hicho ndicho kilichokuwa ushahidi wao wote. Nikaandika `ip link`. Zikatokea mbili: `lo`, ambayo ni mashine kujizungumzisha yenyewe, na `enp3s0`, ikiwa DOWN. Hapa msiharakishe. DOWN inaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyeiamuru iamke, na kadi nyingi zikiwa zimelala hata taa haziwashi. Nikaiamsha:

`sudo ip link set enp3s0 up`

Taa ya kijani ikawaka papo hapo. Ingeamka halafu ikaandika NO-CARRIER, ningeenda kukagua waya na swichi. Haikuandika.

Mwalimu mwenzangu akafurahi mapema, akapima `ping 127.0.0.1`, ikajibu. Nikamwambia, "Mwalimu, hapo umebisha hodi kwako na ukajiitikia mwenyewe." Anwani hiyo hujibu hata kama kadi iko dukani.

Sasa swali likawa: kwa nini haiamki yenyewe? Nikafungua faili la mipangilio ndani ya `/etc/netplan`. Limeandikwa `enp2s0`. Ndiyo hiyo kesi nzima. Mfumo huipa kadi jina kufuatana na mahali ilipo: `en` ni aina ya mtandao, `p3` ni njia namba 3 ya bodi, `s0` ni nafasi yake. Tundu lililoungua lilikuwa njia namba 2. Kadi mpya imekaa namba 3, faili bado linamwita marehemu. Na zile dakika mbili? Mashine ilikuwa inamsubiri marehemu aitike, mpaka ikachoka.

Nikanakili faili kwanza (nawasihi sana, nakilini kwanza), kisha nikabadilisha jina na kuacha anwani ileile, 192.168.1.10, kwa sababu kompyuta ndogo zote zinaijua hiyo. Katika faili hili nafasi za mwanzo wa mstari zinahesabiwa, na kitufe cha Tab hakitakiwi kabisa. Mimi kilinipotezea nusu saa. Halafu `sudo netplan try`, ambayo inatumia mipangilio mipya lakini usipoithibitisha ndani ya sekunde 120 inairudisha ya zamani. Kwa mtu wa fildi hiyo ni rehema.

Kipimo cha mwisho kinatakiwa kitoke upande wa pili. `ping` imekuwepo tangu 1983, ilipoandikwa na Mmarekani Mike Muuss kwenye Unix, na mpaka leo sijaona chombo rahisi kuliko hicho. Nikaomba kijana aitwe. Akaja na sweta lake, hajui kama anaitwa kuchapwa. Nikamketisha kwenye kompyuta ya mwisho kabisa ukutani, nikamwambia aandike `ping 192.168.1.10`.

Majibu yakaanza kushuka, mstari baada ya mstari. Akageuka: "Sir, kwa hiyo kadi nzima?"

Tuliwasha upya ile kubwa kuhakikisha. Haikukwama. Mzazi alifika kesho yake saa tatu, ametembea tangu alfajiri, na aliyempokea mlangoni ni mwanawe, ufunguo mkononi.